Mwani na samaki wagomvi: yanayosemwa kuhusu tangi la maji ya chumvi

Wafugaji wa samaki wa baharini majumbani hulalamikia mambo mawili kana kwamba hayahusiani: mwani unaofunika mawe, na samaki mmoja asiyewapa wenzake nafasi hata ya kupumua. Kwangu mimi hilo ni jambo moja. Kwenye miamba ya matumbawe, samaki wengi wakorofi wanapigania malisho, na malisho yenyewe ni huo mwani. Asiyelijua hili hutibu mwani kwa njia inayozidisha ugomvi, kisha hutibu ugomvi kwa njia inayozidisha mwani.

"Mwani unaota kwa sababu maji ni machafu."

Maji yanaweza kung'aa na bado yakajaa naitreti na fosfeti, virutubishi ambavyo kwa mwani ni mbolea, kwani havionekani kwa macho. Vinatoka kwenye chakula, kwenye kinyesi, na mara nyingi kwenye ndoo ya kujazia. Maji ya tangi yanapopungua kwa mvuke, chumvi inabaki. Kwa hiyo unajazia maji matamu, si ya chumvi, na ukitumia ya kisima kila siku unamwaga mbolea kidogo kidogo. Maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi, inayoyapitisha kwenye utando mwembamba, yana gharama, lakini hapo ndipo pesa inapofanya kazi kuliko kwenye chupa za dawa.

"Nimepima, fosfeti ni sifuri. Basi kosa ni la taa."

Sifuri hiyo inadanganya. Mwani umeshanyonya fosfeti kabla kipimo hakijaiona. Imo ndani ya manyoya ya kijani unayoyatazama. Ndiyo maana kuung'oa kwa mkono, au kusugua jiwe kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kunashinda mbinu nyingi za kisasa: kilichonyonywa unakitupa nje. Kuzima taa siku tatu kutaua mwani kweli, ila ukiachwa uozee humo humo, mbolea inarudi majini na baada ya wiki chache uko ulipoanzia.

Na si kila kinachotambaa ni mwani wa kupigana nao. Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya ni diatomu, mwani wa chembe moja moja, na kwa kawaida hujiondokea. Utando mwekundu wenye viputo ni bakteria wanaotumia mwanga, si mwani. Konokono uliowaweka wale mwani hawatautazama mara mbili.

"Nunua samaki mla mwani, atafyeka wote."

Akina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani, Unguja, wanamjua samaki tasi kwa wizi wake: hula mwani wao shambani. Tangini wizi huo ni msaada. Hata hivyo tasi wa pwani yetu hukua kupita sentimita 30, na miiba yake ina sumu, jambo ambalo mvuvi yeyote atakueleza kwa uchungu. Samaki kangaja naye ni mlaji hodari, lakini huchagua mwani laini na kuuacha uliokomaa. Halafu wote hunya. Sehemu ya walichokula inarudi majini, kwa hiyo mla mwani anakupunguzia kazi ya mkono tu. Konokono wadogo kadhaa wanafaa tangi la lita 200 kuliko kangaja mmoja.

"Punguza chakula mpaka mwani uishe."

Hapa ndipo ninapoona maafa mengi. Wapo damseli, samaki wadogo, ambao baharini hulinda vijishamba vya mwani: hung'oa aina wasizozitaka na kumfukuza yeyote anayesogea, hata mpiga mbizi. Kangaja wa mistari hulinda eneo lake la malisho vivyo hivyo, mawimbi yanapopiga mwamba. Sasa mchukue samaki wa namna hiyo, mfungie kwenye sentimita 120 za kioo, kisha mnyime chakula. Kila samaki mwenzake, hasa mwenye umbo, rangi au mlo kama wake, anakuwa mvamizi.

Fanya kinyume. Bana kipande cha mwani mkavu usio na viungo kwenye kioo kila siku, na kingine upande wa pili ili mbabe asikalie vyote viwili. Kinachobaki kitoe jioni. Chakula cha kugandishwa kiyeyushe, umwage maji yake, ndipo ulishe. Samaki anashiba, mbolea haiongezeki sana.

"Wadogo ni wapole." Soma tena kuhusu damseli.

"Jaza samaki wengi, ugomvi utagawanyika."

Ushauri huu umetoka kwa wafugaji wa mbuna, samaki wa maji matamu wa Ziwa Nyasa, na kwa mbuna una mantiki yake. Lakini maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji matamu yenye joto lilelile, na kila samaki wa ziada ni kinyesi cha ziada. Usiku, taa zikizimwa, mwani nao unavuta oksijeni hiyo hiyo. Umeme ukikatika saa nane za usiku kwenye tangi lililojaa, asubuhi hutakuwa na wa kugombana.

Kinachosaidia ni mpangilio. Mkorofi aingie wa mwisho. Kama ameshatangulia, mtie siku kadhaa kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu ndani ya tangi lilelile, upange mawe upya, wengine wachague makao. Akitoka anajikuta mgeni. Mgeni mpya akiingia, bandika kioo cha kujitazamia nje ya tangi: mbabe atashinda anapigana na sura yake.

"Nichagulie samaki klauni dume na jike."

Muuzaji atakayekubali ombi hilo kwa samaki wachanga anakuuzia maneno. Klauni wote huanza wakiwa madume. Mkubwa wao anageuka jike na anayemfuata kwa ukubwa anakuwa mumewe. Chukua wawili wachanga wanaotofautiana ukubwa, waachie wamalizane. Mwenye kukung'ata mkono ukisafisha kioo, huyo ndiye jike.

"Wakinishinda nitawarudisha baharini."

Mwaka 1984 mwani aina ya Caulerpa taxifolia, pambo la matangi, ulionekana ukiota baharini chini ya Jumba la Makumbusho la Bahari la Monaco. Baadaye ulitanda sehemu kubwa za pwani ya Mediterania. Hata samaki aliyevuliwa Shimoni, pwani ya Kenya, akirudi Shimoni anaweza kwenda na magonjwa ya wenzake wa kutoka Indonesia aliokaa nao. Mpe mfugaji mwenye tangi kubwa, au mrudishe dukani. Mwani uliong'olewa uanike juani mpaka ukauke kabisa, ndipo uutupe; usiumwage kwenye mtaro unaoelekea baharini.