Kwenu kwenu ni wapi?

Mwezi uliopita nilimsindikiza kijana wa jirani yangu kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Alikuwa anafuata barua ya utambulisho, ambayo usipokuwa nayo safari ya kitambulisho cha taifa haianzi. Mtendaji alikuwa mama wa makamo, mpole. Akamuuliza, "Kwenu wapi, mwanangu?"

"Hapa hapa Tandika, mama."

"Najua unakaa Tandika. Kwenu kwenu ni wapi?"

Kijana akanigeukia. Babu yake alivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, akaenda kukata mkonge Tanga. Huko akamuoa Mbondei wa Muheza, akazaliwa baba, miaka michache kabla ya uhuru. Baba akaja mjini kutafuta kazi. Kijana mwenyewe kazaliwa Temeke, kasomea Temeke, na Muheza kaenda mara mbili, zote kwenye msiba. Ajibu nini?

Ninafundisha historia, na kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia habari za uraia katika mji huu. Swali la yule mama halikunishangaza hata kidogo. Ndilo swali kongwe la dola Dar es Salaam. Hapa mtu hajapata kuwa raia hivi hivi tu. Kila zama alitakiwa kwanza aonyeshe ni wa mahali gani.

Tumezoea kufikiri kwamba ukabila ndio uliotangulia, kisha uraia ukaja kuufunika. Mimi naona vilikua pamoja. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alileta sheria ya kuwatawala Waafrika kupitia machifu wao. Maana yake mjini Mwafrika alihesabika mpita njia, hata kama kitovu chake kilizikwa Kariakoo. Mji nao ulikatwa vipande: Uzunguni, Uhindini, na Waafrika upande wa Kariakoo na Ilala, huku Mnazi Mmoja pakiachwa wazi katikati kama uzio usio na miti. Mwaka 1944 ikatungwa sheria ya kuwaondoa mjini Waafrika waliohesabiwa kuwa "hawatakiwi". Asiye na kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Hilo "kwao" lilikuwa na nguvu ya sheria, na wengine walirudishwa sehemu ambazo hawakuwa tena na shamba wala nyumba.

Watu nao walijipanga. Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa eneo hili, waliunda umoja wao. Wakami na Wapogoro vivyo hivyo. Vyama hivyo vilizika maiti, vilisaidia wagonjwa, vilimpokea mgeni aliyeshuka garimoshi hana pa kulala. Wengi wao walijifunza kujiita Wapogoro au Wakami hapa hapa mjini, kwa sababu kijijini hakuna aliyewahi kuwauliza.

Katika mitaa hiyo hiyo, mwaka 1929, ikazaliwa African Association, ambayo mwaka 1954 ikageuka TANU. Katibu wake wa kwanza alikuwa Kleist Sykes, mzaliwa wa Pangani, na baba yake alikuwa askari aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Wanawe Abdulwahid na Ally wakawa miongoni mwa waasisi wa TANU. Hapa hunijia yule kijana wa Tandika. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele kulijenga wazo la Mtanganyika, ukimbana kwa "kwenu kwenu", angekupeleka ng'ambo ya Ruvuma.

Oktoba 1961, katika ukumbi wa Karimjee, wabunge walijadili nani atakuwa raia nchi ikipata uhuru. Baadhi walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa katakata, akasema hoja ya serikali ikishindwa, serikali yake itajiuzulu. Namheshimu sana kwa siku ile. Sheria iliyopita haikuuliza rangi wala kabila. Aliyezaliwa Tanganyika, na angalau mzazi mmoja naye kazaliwa humu, aliamka tarehe 9 Desemba akiwa raia. Aliyezaliwa humu lakini wazazi wote wawili wametoka nje alipewa miaka miwili ajiandikishe. Lugha nayo ikaamua lake. "Raia" ni neno la Kiarabu, kwa asili ni watu walio chini ya mtawala, wanaochungwa. Watu walipenda zaidi "mwananchi", mtoto wa nchi.

Ila mahali hapakuondoka. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na muda si mrefu akaja balozi wa nyumba kumi, anayejua nani kalala kwa nani. Mwaka 1983, katika operesheni ya Nguvu Kazi, watu wasio na kazi wanayoweza kuithibitisha walikusanywa mjini na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi. Safari hii walikuwa wananchi, si "natives" wa gavana, na bado walielekezwa "kwao". Ukurasa huo unaniuma kuliko ule wa 1944, kwa sababu ni wetu.

Turudi ofisini. Kijana alijibu, "Muheza." Mama akaandika Muheza, akagonga muhuri, akamtakia heri. Bibi hakutajwa. Na bibi ndiye ufunguo: babu kazaliwa ng'ambo, kwa hiyo baba alipata uraia siku ya uhuru kwa sababu mama yake alizaliwa Muheza.

Tulipotoka nilimwambia ampigie baba yake simu, aulize jina kamili la bibi na kijiji alichozaliwa. Akapiga tukiwa bado kwenye benchi la nje. Baba alitaja jina mara mbili, kijiji mara moja, kisha akataka kujua kuna nini. Kijana akayaandika yote nyuma ya kivuli cha cheti chake cha kuzaliwa, akakikunja, akakiweka pamoja na ile barua.