Karibu ya Mdomoni Haivuki Kizingiti: Dhana Potofu Kuhusu Wageni wa Makumbusho Bagamoyo

Dhana: Waliopita Bagamoyo na mizigo wote walikuwa watumwa, kwa hiyo maelezo ni yaleyale kwa kila mgeni.

Katika karne ya 19 mizigo mingi ya misafara ya bara ilibebwa na wapagazi wa kulipwa, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei: pembe za ndovu kuja pwani, nguo, shanga na nyaya za shaba kurudi bara. Watu waliotiwa utumwani nao walipita, wengine wakivushwa Unguja kwenye mashamba ya karafuu. Wewe mwongoza wageni ukiyachanganya hayo mawili, mgeni wa Tabora anatoka akidhani babu yake alifungwa mnyororo, kumbe alikuwa akidai ujira. Mmarekani mweusi aliyekuja kuwatafuta wazee wake naye anahitaji kuambiwa kwa upole kwamba wengi wa waliopelekwa Marekani walitoka Afrika Magharibi na ya Kati. Uchungu wake ni wa kweli, ila njia ilikuwa nyingine.

Hata jina la mji, "bwaga moyo", lina tafsiri mbili: mpagazi aliyetua mzigo, na mateka aliyekata tamaa. Zitaje zote mbili, na useme kwamba ni masimulizi.

Dhana: Waarabu ndio waliofanya biashara ya watumwa na pembe, hadithi imekwisha.

Mtaji ulitoka pia kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja. Misafara iliongozwa na Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi wenyewe, na pembe ziliishia Ulaya na Marekani kwenye vibao vya piano na mipira ya biliadi. Katika kundi la watu 15 huenda wamo vitukuu wa pande zote hizo, wamesimama bega kwa bega. Taja tendo, mwaka na kazi ya mtu. Kabila lisigeuzwe kuwa kosa.

Na usiseme "zamani sana". Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini sheria iliyofuta utumwa Tanganyika ni ya 1922. Mzee wa miaka 80 aliye mbele yako anaweza kuwa alilelewa na bibi aliyezaliwa utumwani. Wapo wanaolijua hilo na hawataki kuulizwa mbele za watu.

Dhana: Mwenye kiti cha magurudumu vijana watambeba.

Kiti cha umeme chaweza kuzidi kilo 100, na hakuna mtu mzima anayefurahia kunyanyuliwa kama gunia. Pima kizingiti kwanza. Kanuni ni kipimo 1 cha kupanda kwa vipimo 12 vya urefu: kizingiti cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180. Ikiwa fupi zaidi, kiti hubinuka nyuma au msukumaji huteleza. Upana usipungue sentimita 90, pembeni piga ukingo wa mbao ili gurudumu lisitoke, na juu changanya rangi na mchanga, maana masika ubao mtupu ni utelezi mtupu. Mlango wa nakshi ufunguliwe mbao zote mbili. Ukifungua mmoja tu, mfaa, yaani mti wa katikati ya mlango, unabaki na kiti hakipiti.

Kosa kubwa ni kumwaga saruji. Kuta hizi ni za matumbawe na chokaa, hupumua. Saruji hufungia unyevu, chumvi ya bahari inasukuma lipu, jiwe linabaki kumomonyoka. Rampu iwe ya mbao, ya kuondolewa. Majengo mengi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo yanalindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hivyo kibali hutangulia nyundo.

Dhana: Asiyeona na asiyesikia waje na mtu wa kuwasimulia.

Asiyeona mpe kiwiko chako akishike, usimburute mkono. Tenga meza ya vitu vya kugusa: kauri, shanga, kipande cha tumbawe, nakala ya mnyororo. Ule wa asili usiguswe, jasho hulisha kutu. Kabla ya kumwekea mnyororo mkononi, sema ni nini na una uzito gani, kisha subiri akubali. Shingoni usiuvishe kamwe, hata mgeni akitaka picha.

Kwa kiziwi, nuru iwe usoni mwako. Ukisimama mlangoni na jua mgongoni unakuwa kivuli. Mkalimani wa lugha ya alama akae kando yako, na ukionesha kitu nyamaza sekunde kadhaa: macho hayawezi kumtazama mkalimani na kabati kwa wakati mmoja. Usidhani karatasi ya maelezo inatosha, kwani kwa wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili.

Dhana: Mgeni ni mtalii, mwenyeji anajua kila kitu.

Mwenyeji ndiye anayepewa ziara ya haraka kuliko wote. Kule kwenye magofu ya Kaole, kusini mwa mji, wapo wanaofika makaburini kuomba dua. Kundi la picha lisubiri pembeni hadi wamalize, bila kuketi juu ya makaburi. Ijumaa usipange ziara kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu mchana. Mwezi wa Ramadhani maji yawepo, ila yawekwe chumba cha pembeni, maana hata mtoto wa shule asiyefunga ana kiu.