Je, wajua kwa nini jani la magimbi hung'aa kama fedha likizamishwa majini?

Chuma jani la magimbi, lizamishe kwenye beseni, kisha litazame kwa upande. Ukijani unapotea, linang'aa kama fedha. Litoe: kavu kabisa.

Kwa miaka jibu langu lilikuwa neno moja: nta. Jani lina nta, nta haipatani na maji, basi maji yanateleza. Nikafika hadi kudai kwamba jahazi likipakwa mafuta ya papa chini litakimbia zaidi, kwa kuwa maji hayatakuwa na pa kushika. Nilikosea, tena sana. (Mafuta ya papa kazi yake ni kuzuia mbao zisinywe maji.) Dondoshea tone la maji ubavuni mwa mshumaa, ambao ni nta tupu: halibingiriki kama shanga, linajikokota na mara nyingi hukwama. Hata juu ya uso laini unaokataa maji, safu ya maji inayougusa karibu imesimama kabisa. Mtelezo wake ni wa nanomita chache au makumi tu, na unywele mmoja una makumi ya maelfu ya nanomita. Kukataa kulowa ni jambo moja, kuyaachia maji yapite ni jingine.

Weka pakiti ya karata mezani, usukume ya juu. Ya chini imeganda kwenye meza, na kila moja inaitangulia kidogo iliyo chini yake. Maji yanayopita kando ya ukuta huenda hivyohivyo, na kule kusuguana kwa karata ndiko kunakokula nguvu. Sasa jani la magimbi lina vinundu visivyoonekana kwa macho, navyo vimefunikwa na chembe za nta. Hewa hunaswa mabondeni, na maji yanalala juu ya ncha kama shuka lililowambwa juu ya vigingi. Karata ya chini inagusa meza hapa na pale tu. Kwingine iko juu ya hewa, ambayo uzito wake wa kutiririka ni kama sehemu moja ya hamsini tu ya ule wa maji. Kwa hiyo nayo inasogea. Ule mng'ao wa fedha ndiyo hewa yenyewe, inarudisha mwanga.

Mwaka 2004 watafiti Ou, Perot na Rothstein, huko Massachusetts, Marekani, walipitisha maji kwenye vifereji vyembamba vyenye vinundu vya kutengenezwa, na shinikizo lililohitajika likapungua kwa hadi asilimia 40. Lakini mtelezo wenyewe ulikuwa maikromita ishirini na kitu (maikromita moja ni nanomita elfu). Kwenye kifereji chembamba kama unywele ni mwingi. Kwenye bomba la bafuni hutauona. Kwa meli mambo ni magumu zaidi: hewa huyeyuka majini, shinikizo huisukuma nje, na uchafu kidogo tu wa jamii ya sabuni hukusanyika juu yake na kuuzuia mtelezo.

Anayeijua kazi hii ya kuishikilia hewa ni salvinia, gugu lililowahi kutanda Ziwa Naivasha. Vinyweleo vyake vina umbo la mchapo wa kupigia mayai, vyote vina nta isipokuwa nchani. Ncha hizo zinapenda maji: zinayashika yasibanduke na kuachia viputo vitoroke, na hewa chini yake hukaa kwa wiki kadhaa.