Kinga ya goti kwa wacheza mieleka, judo na jiu-jitsu: maswali na majibu

Goti linaumia wapi hasa katika michezo hii?

Mahali pawili, na ukipachanganya utanunua kitu kisichokufaa. Pa kwanza ni mbele. Kila unapozama kumshika mwenzako miguu, goti linagonga mkeka kisha linaburuzwa. Kati ya ngozi na pia ya goti kuna kifuko chembamba chenye ute, kinachoiwezesha ngozi kuteleza juu ya mfupa. Kikigongwa siku baada ya siku hujaa maji, na mbele ya goti panaota uvimbe laini kama yai.

Pa pili ni ndani: kano zinazofunga mfupa wa paja na wa muundi, na magegedu mawili yenye umbo la mwezi mwandamo. Hivi huumia goti linapopindwa huku unyayo umenasa mkekani, au mwenzako anapokuangukia ubavuni mwa goti.

Kinga inazuia yote mawili?

Hapana, na hili ndilo ningependa kila kocha awaambie vijana wake siku ya kwanza. Pedi ya sponji inazuia mgongano na mchubuko. Kupindwa haizuii, hata iwe nene namna gani. Kano zako zinalindwa na misuli ya paja na makalio, na kwa wacheza jiu-jitsu, zinalindwa na mkono unaogonga mkeka mapema kuashiria umekubali kushindwa. Mwenzako akikukamata kisigino na kukizungusha, usisubiri maumivu ndipo usalimu amri. Mara nyingi maumivu hufika kano imeshachanika.

Basi nichague ipi?

Tazama goti lako linasumbuliwa na nini. Kama ni kugonga na kuchubuka, chukua pedi yenye sponji mbele. Kama unataka tu joto na kubanwa kidogo, soksi ya goti inatosha. Zile za neopreni (mpira laini unaonyumbulika) huuzwa kwa unene wa milimita 3, 5 na 7. Ya 7 waachie wanyanyua vyuma, kwa kuwa inakunjika kwa shida. Bresi, yaani kifaa cha kushikilia goti, yenye bawaba na vyuma pembeni ni ya aliyewahi kuumia kano, tena kwa ushauri wa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Chuma hicho kinaweza kumpasua mwenzako, ndiyo maana kanuni za kimataifa za mieleka huruhusu kinga nyepesi isiyo na chuma, na judo hairuhusu kitu chochote kigumu.

Dukani nimekuta za voliboli tu. Zinafaa?

Zinafaa, ila zijaribu kwanza. Ivae, piga goti, jiburuze hatua mbili tatu sakafuni, chuchumaa, kisha simama. Sponji ikiwa imehama kutoka kwenye pia ya goti, iache hapo dukani. Hakikisha pia inafunika kidogo chini ya pia, kwa sababu hapo ndipo panapotua ukizama. Usinunue kwa kukisia saizi: nenda na futi ya fundi cherehani, usome jedwali la kiwanda, maana wengine hupima katikati ya goti na wengine sentimita 10 juu yake. Ukihisi ganzi au mguu ukibadilika rangi, imebana mno.

Nivae mguu mmoja au yote miwili?

Wengi huvaa ule unaotangulia chini tu. Anayeanza avae yote.

Mwanangu wa miaka 13 analalamika kinundu chini ya goti. Pedi itamsaidia?

Itampunguzia maumivu ya kugonga. Kwa watoto wanaorefuka haraka, kano ya goti huvuta sehemu ya mfupa ambayo bado haijakomaa. Mpunguzie mazoezi ya kuruka na kupiga magoti, na umpeleke akapimwe.

Ni lazima kuifua kila siku?

Kila baada ya mazoezi. Jasho lililolala kwenye sponji hulea fangasi wa choa na bakteria wa majipu. Igeuze ndani nje, fua kwa sabuni, anika ikauke kabisa; ya neopreni ianike kivulini kwenye upepo. Usiazime, usiazimwe. Ukiona vipele vyenye umbo lilelile la soksi, huenda ngozi yako inakataa kemikali za mpira, hivyo badili utumie ya kitambaa.

Goti limeshavimba. Niendelee kwa kuongeza pedi?

Pumzisha, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, na usipige goti mpaka uvimbe uishe. Usilitoboe kwa sindano wala kulikamua nyumbani. Kama ngozi imekuwa nyekundu na ya moto, au una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo: kifuko kinaweza kuwa kimeingiwa na bakteria kupitia mchubuko mdogo tu. Nenda haraka pia kama ulisikia mlio na goti likavimba ndani ya saa chache, au limekwama halinyooki.