Mpiga eksirei anaweza kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani?

Wengi huamini kwamba mtaalamu wa eksirei hupiga picha tu, na kwamba ni daktari peke yake anayeweza kumruhusu mgonjwa wa dharura aende nyumbani. Imani hiyo inaeleweka, kwani hospitali nyingi hufanya kazi hivyo.

Nchini Uingereza, hata hivyo, tangu miaka ya 1980 wapiga eksirei wamekuwa wakibandika alama nyekundu kwenye picha zenye dalili za kasoro ili kumtahadharisha daktari. Baadaye baadhi yao walisomea usomaji wa picha katika ngazi ya uzamili, na sasa huandika ripoti rasmi. Katika hospitali kadhaa, waliofuzu humruhusu mgonjwa aliyeumia kidogo mkono au mguu, picha isipoonyesha mvunjiko, na kumweleza jinsi ya kujitunza. Mipaka ni mikali, na ndivyo inavyopasa: shaka yoyote hurudi kwa daktari. Mwenye maumivu hapangi tena foleni ili aambiwe tu kwamba mfupa ni mzima.

Ukitaka kuhakikisha, uliza nani ameisoma picha yako na kama ameidhinishwa kufanya hivyo. Nchini Uingereza, rejesta ya wapiga eksirei iko wazi mtandaoni. Uliza pia dalili zipi zikurudishe hospitali, kwa sababu baadhi ya nyufa za mifupa, hasa za kifundo cha mkono, huenda zisionekane siku ya kwanza.