Ziwa zima haliingii kwenye matriksi

Mwezi huu pekee ni mara ya tatu. Kijana anafungua laptopu, ananionyesha ramani ya maji ya Ziwa Victoria kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kisha: "Mwalimu, nikipata seva kubwa si nitakokotoa mtawanyiko wa rada wa eneo lote hili, yaani jinsi maji yanavyoyarusha mawimbi yake kila upande?" Hapana. Hata ukipewa seva mbili.

Piga hesabu kabla ya kuomba hela. Rada ya setilaiti ya Sentinel-1 hutumia gigahezi 5.4, urefu wa wimbi kama sentimita 5.5. Mbinu ya momenti, inayokata uso vipande vidogo na kutafuta mkondo wa umeme kwenye kila kimoja, inataka nukta kama 10 kwa kila urefu wa wimbi. Mita moja ya mraba ya maji, ukubwa wa meza ya muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, inakula nukta 33,000, na kila nukta ina vijenzi viwili vya mkondo usivyovijua. Matriksi kamili ya hapo, yaani jedwali la namba linalounganisha kila kijenzi na kila kingine, ni gigabaiti 70. Panua iwe mita 10 kwa 10: terabaiti 700. Eneo limekua mara 100, kumbukumbu ya kompyuta mara 10,000. Ipo mbinu ya haraka ya multipoli, inayozikokotoa nukta za mbali kwa makundi, ambayo Greengard na Rokhlin waliichapisha mwaka 1987 kwa ajili ya chembe na baadaye ikahamia kwenye mawimbi. Inaokoa mengi, ila ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000.

Tuseme hata kumbukumbu ipo. Umbo la kila kiwimbi utalitoa wapi? Ukishalipima limeshabadilika. Unachoweza kujua ni takwimu za uso: kimo cha wastani, na umbali ambao viwimbi bado vinafanana. Basi chukua kipande kinachouzidi umbali huo mara kadhaa, tengeneza nyuso nyingi za kubahatisha zenye takwimu hizo, kokotoa kila moja, tafuta wastani. Na fifisha mwali wa rada ufe kabla ya kufika ukingoni! Nimewahi kusoma tasnifu nzima ambayo, kwa kweli, ilikuwa inapima kingo za kipande.

Mimi humwanzisha kila mtu na uso wa mstari mmoja, unaopanda na kushuka kwa upande mmoja tu, wa metali kamilifu isiyomeza nguvu, kwenye laptopu yake hiyohiyo. Jumlisha nguvu inayotawanyika. Isipolingana na iliyoingia, usinipigie simu, rudi kwenye msimbo wa programu yako.

Sasa kauli tatu za kurekebisha. "Maji yakitulia ni kioo." Kioo kwa nani? Kwa pembe ya digrii 40 kutoka wima, kigezo cha Rayleigh, kinachosema viwimbi viwe na kimo gani uso uache kuwa laini, kinaipa rada hiyo kikomo cha milimita 9 tu. Wimbi la redio ya FM, mita 3, linaruhusu karibu nusu mita. Ziwa lilelile, asubuhi ileile.

"Rada inaona mawimbi makubwa." Kwa pembe hiyo, wanaorudisha nguvu ni viwimbi vya sentimita 4 hivi, vile upepo unavyovichora maji yakiwa karibu shwari pale Jiwe la Bismarck. Makubwa kazi yao ni kuviinamisha.

"Gridi ya nukta ikiwa ndogo zaidi, jibu ni sahihi zaidi." Kama uso wako ulipimwa kila sentimita moja, kuukata kwa nusu milimita ni kumaliza LUKU bure.