Je, wajua? Kipande kilekile cha kromosomu kikipungua mtoto hana mgeni duniani, kikizidi anakosa hata sauti

Kwetu mtoto anayesalimia kila mtu anasifiwa, watu wanasema huyu kalelewa, huyu mchangamfu kama bibi yake. Sasa fikiria mtoto wa miaka 5 ambaye akipanda daladala anamkumbatia konda, anamuuliza mama wa siti ya pembeni mbona leo huna raha, na wakati wa kushuka anataka kuondoka na mtu aliyemwona dakika kumi zilizopita, afu huyohuyo ukimpa vibao vinne apange umbo rahisi tu anahangaika mpaka analia, na mashine ya kusaga ikiwashwa mtaa wa pili anaziba masikio na kujificha. Weka pembeni yake mtoto mwingine wa umri uleule. Nyumbani huyu anacheka na wenzake vizuri tu, ila shuleni haongei kabisa, mama akigeuza mgongo anatetemeka, na hata yale maneno anayoyajua ulimi unakataa kuyapanga.

Wa kwanza watu watasema hajafundishwa mipaka. Wa pili watasema kadekezwa. Kumbe inawezekana kabisa shida ya wote wawili imeanzia sehemu moja kwenye kromosomu namba 7, mmoja ana nakala pungufu ya kipande kidogo na mwingine ana nakala ya ziada ya kipande hichohicho.

Twende taratibu. Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46, zile nyuzi za DNA zinazobeba urithi wetu, jozi 23, nusu toka kwa mama nusu toka kwa baba. Kromosomu 7 peke yake ina herufi za DNA kama milioni 159, na kipande ninachokiongelea hapa kina herufi kama milioni 1.5 hadi 1.8, yaani asilimia 1 hivi ya kromosomu hiyo moja. Wataalamu wanakiita 7q11.23, ichukulie kama anwani tu: kromosomu ya 7, mkono mrefu, mtaa wa 11.23. Ndani yake kuna jeni 25 hadi 27 hivi, yaani maelekezo ambayo mwili unayatumia kutengeneza protini zake. Mtu wa kawaida ana nakala mbili za kila moja. Akiwa na nakala moja hali yake inaitwa sindromu ya Williams, akiwa na tatu inaitwa kurudufika kwa 7q11.23, na hii ya pili haina hata jina zuri la kuitia kwa sababu ilianza kuelezwa vizuri mwaka 2005 tu, wakati ile ya kwanza imejulikana toka 1961.

Swali ambalo mimi lilinikamata ni hili: kwa nini kikatike kipande hichohicho, kwa watoto wasio na undugu wowote, Norway, Japani, Brazili, kwetu, na karibu kila mara kikatike palepale? Ingekuwa ni ajali ya kubahatisha si kila mtoto angekatika sehemu yake.

Jibu liko kwenye majirani wa kipande hicho. Chukua nyuzi mbili za shanga zinazofanana, kila uzi una shanga nyeusi nyingi, afu kuna fungu la shanga nyekundu, kisha za kijani, kisha fungu lingine la nyekundu, halafu nyeusi tena. Yale mafungu mawili ya nyekundu yanafanana kiasi kwamba kwa haraka huwezi kuyatofautisha. Wakati mwili unatengeneza yai au mbegu za kiume, kromosomu mbili za jozi zinalala pamoja zikilingana na kubadilishana vipande, na hilo ni jambo la kawaida kabisa, ndo maana hata ndugu wa tumbo moja hawafanani kila kitu. Sasa siku moja, badala ya nyekundu ya kwanza kulala na nyekundu ya kwanza, inalala na nyekundu ya pili ya uzi mwenzake. Mwili unaona rangi imelingana, unakata, unaunga. Ukivuta nyuzi zako unakuta mmoja umetoka bila kijani kabisa na mwingine una kijani mara mbili. Ile kijani ndo 7q11.23, na nyekundu ni sehemu zilizojirudia pembeni yake, huku na huku. Kosa moja, watoto wawili tofauti, kutegemea ni uzi upi umeingia kwenye yai au mbegu iliyofanikiwa.

Hapa naomba nikae kidogo, maana kwenye familia nyingi swali la kwanza mtoto akionekana tofauti ni mama alikula nini, alimkosea nani, ukoo wake una nini. Ajali hii inatokea kwa baba na inatokea kwa mama, haifuati umri wa mzazi kama inavyokuwa kwenye sindromu ya Down, na mara nyingi sana wazazi wote wawili wakipimwa kipande chao kiko kamili. Kuna kitu kimoja kinachojulikana kuongeza uwezekano, baadhi ya wazazi wana kipande hicho kimegeuka kichwa chini miguu juu kwenye mojawapo ya kromosomu zao, kiko chote ila kimepinduka, wao wenyewe hawana tatizo lolote na hawawezi kujua, na mpinduko huo unaonekana kwa kama robo ya wazazi ambao ajali imetokea upande wao wakati kwa watu wa kawaida ni kama asilimia 6. Hata hivyo wengi mno wenye mpinduko huo wanazaa watoto wasio na shida yoyote. Hamna wa kulaumiwa hapo, si mama, si bibi, si jirani. Kurithi kunaingia pale mwenye hali hiyo mwenyewe anapopata mtoto, hapo kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu.

Ni nadra, ndiyo, ila si nadra ya kusema haipo kwetu. Utafiti wa Norway ulipata mtoto mmoja mwenye sindromu ya Williams katika watoto 7,500, wengine wanakadiria mmoja kati ya 10,000 au zaidi. Kwa hesabu ile ya Norway, watoto milioni moja wakizaliwa basi kama 130 wanayo.

Aliyeipa jina ni J.C.P. Williams, daktari wa moyo aliyekuwa Auckland, New Zealand, aliyeandika mwaka 1961 na wenzake kuhusu wagonjwa wanne wenye mshipa mkuu wa damu uliobana juu kidogo ya valvu ya moyo, uelewa ulio nyuma kidogo, na sura zinazofanana japo si ndugu. Mwaka uliofuata Alois Beuren wa Göttingen, Ujerumani, akaeleza wagonjwa kama haohao, ndo maana wengine wanaiita Williams-Beuren. Mtu unajiuliza moyo na tabia vinahusiana vipi, na kwa miaka zaidi ya 30 jibu halikuwepo. Mwaka 1993 ikaonekana kwamba jeni ya elastini, ile protini inayofanya mishipa ivutike na kurudi kama raba, imo ndani ya kipande kilichokosekana. Nusu ya dozi ya elastini, ukuta wa mshipa unakuwa mgumu na mnene, unabana. Na kwa wale wenye nakala tatu mambo yanageuka, baadhi yao mshipa huohuo unatanuka kupita kiasi. Yaani moyo unapata shida kwa sababu ya jirani tu, jeni ya mishipa ilikuwa imepanga mtaa mmoja na jeni za ubongo, mtaa ukabomolewa wote.

Tuje kwenye ubongo sasa. Ukiwa na nakala moja haimaanishi jeni imekufa, inafanya kazi, ila inatoa kama nusu ya protini, na kuna jeni ambazo hazijali, nusu inatosha, na kuna nyingine ubongo unaokua unazihitaji kwa kipimo, kama chumvi kwenye mchuzi. Inayotajwa sana ni GTF2I. Kazi yake ni kuamuru jeni nyingine ziwake au zizime, kwa hiyo ikipungua yenyewe, athari inasambaa kwa wengi. Watafiti mwaka 2012 walichukua panya wenye nakala chache na panya wenye nakala za ziada za jeni hiyo, wakawatenga vichanga na mama zao kwa muda mfupi wakarekodi vilio vyao, vya sauti ya juu sana ambayo sikio letu haliisikii. Wenye nakala za ziada walilia zaidi. Kumbuka yule mtoto wa pili anayetetemeka mama akigeuka. Kwa kweli nilipolisoma hilo niliacha kusoma kwanza.

Kuna utafiti pia wa mwaka 2017 uliokuta mabadiliko karibu na jeni hizihizi kwa mbwa wanaofugwa, tofauti na mbwa mwitu, na yanaendana na urafiki wao kwa binadamu. Wapo wanaoligeuza hilo kuwa mzaha juu ya watoto hawa, mimi silikubali hata kidogo. Linachoonyesha ni kwamba hamu ya kumsogelea usiyemjua ina mizizi kwenye baiolojia ya zamani sana, na mtoto hawezi kuizima kwa kuchapwa.

Na si kwamba mtoto wa Williams haogopi kitu. Mwaka 2005 watafiti Marekani waliwaonyesha watu wenye hali hiyo picha wakiwa ndani ya mashine ya MRI, wakaangalia amigdala, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari. Walipoona sura zenye hasira amigdala yao ilistuka kidogo kuliko ya watu wengine, walipoona picha za matukio ya kutisha zisizo na sura za watu ikastuka zaidi. Ndo ile mama anakwambia mtoto wangu haogopi mtu ila anaogopa ngurumo, anaogopa ngazi, usiku halali anawaza sindano ya wiki ijayo. Upande wa vibao na michoro, picha za ubongo zinaonyesha upungufu kwenye eneo la juu nyuma ya kichwa linalosaidia kujua kitu kiko wapi na kinaungana vipi na kingine, wakati kuongea kunachelewa kuanza ila kukianza mtoto anakupa hadithi mpaka unasahau kazi zako, na wengi wanapenda muziki sana.

Kazi nyingine iliyonigusa ni ya mwaka 2016, California, ambako walitumia meno ya utoto, yale ambayo kwetu watoto wanayarusha juu ya paa. Ndani ya jino kuna seli hai, wakazirudisha kimaabara ziwe seli za mwanzo kabisa afu wakazikuza ziwe seli za ubongo. Za watoto wa Williams zilikuwa zinakufa kwa wingi kabla hazijakomaa, na jeni moja ya humohumo, FZD9, ikaonekana kuhusika. Zilizobaki zilikuwa na matawi marefu zaidi ya kushikana na wenzake. Seli pungufu, miunganiko mingi.

Mwaka 2019 timu nyingine, hii ikiwa na watafiti wa MIT, iliondoa Gtf2i kwenye seli za mbele za ubongo wa panya wakakuta mayelini, yale mafuta yanayofunika nyaya za neva, yamepungua, wakawapa dawa ya zamani ya aleji iitwayo klemastini na tabia za panya zikaelekea kuwa za kawaida. Ni panya tu, tafadhali mzazi usikimbilie duka la dawa.

Kinachomsaidia mtoto leo ni kujulikana. Na hapa kuna mtego: kipimo cha kromosomu cha zamani, cha kuzipiga picha na kuzihesabu, kinaona vipande vikubwa vya herufi kama milioni 5 kwenda juu, hiki kinapita bila kuonekana, mzazi anaambiwa kromosomu ziko sawa anarudi nyumbani na maswali yaleyale. Kinachotakiwa ni FISH, ambayo inaweka alama inayong'aa kwenye kipande chenyewe, wakiona nukta moja badala ya mbili wamejua, au maikroarei inayopima kromosomu zote kwa udogo huo na inashika hata nakala za ziada. Hospitali nyingi hazina, sampuli inabidi isafirishwe na gharama si ndogo, ila eko ya moyo, yaani kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, inapatikana sehemu nyingi zaidi, na mtoto mchangamfu kupita kiasi, aliyechelewa kutembea na kuongea, mwenye sauti ya ziada kwenye moyo, daktari akiviona hivyo vitatu pamoja ana sababu ya kutosha ya kuuliza kuhusu kromosomu 7.

Kwa aliyekwisha kutambuliwa kuna jambo moja la kuandika kwa wino mkubwa kwenye kadi yake. Watoto wenye sindromu ya Williams wana hatari kubwa kuliko wengine ya moyo kusimama wakipewa dawa ya usingizi, hata kwa jambo dogo kama kung'oa jino, kwa hiyo daktari wa usingizi aambiwe mapema, aone majibu ya moyo kwanza, na shughuli ifanyike sehemu yenye watu na vifaa vya moyo.